Heri mtandao usimame kuliko udanganye

Mtandao wa bloku (blockchain, daftari la malipo linalotunzwa na kompyuta nyingi, ambapo kila bloku ni fungu la miamala) ukisimama kwa saa chache tu, lawama huwa zile zile: umeshindwa, hauaminiki, mbona Bitcoin haisimami? Hoja hiyo ina uzito wake. Mifumo hii ilibuniwa ili asiwepo mtu wa kuizima, na hata China ilipowafukuza wachimbaji, yaani wenye kompyuta zinazoshindana kuunda bloku, mwaka 2021, Bitcoin iliendelea kuunda bloku. Ila wanaolaumu hawaulizi mtandao uliosimama ulikuwa unakataa kufanya nini.

Tuchukue mtandao unaoamua kwa kura, wenye nodi 100 (kompyuta zinazouendesha), na 33 kati yake ziwe za wahaini. Nodi aminifu haiwezi kusubiri kura zote 100, kwa sababu mhaini anaweza kunyamaza, na aliyenyamaza hatofautiki na yule ambaye ujumbe wake umechelewa njiani. Kwa hiyo uamuzi unapita kwa kura 67. Sasa mhaini anataka pesa zile zile zihesabike zimelipwa kwa watu wawili. Kila malipo yanahitaji kura 67, jumla 134, na nodi ni 100 tu. Lazima basi angalau nodi 34 ziwe zimepiga kura kote kuwili. Wahaini ni 33. Wa 34 ni mwaminifu, na mwaminifu hapigi kura mbili zinazopingana. Udanganyifu unakwama hapo.

Ni nodi moja tu inayozuia wizi huo. Shusha kizingiti hadi kura 66, ili mtandao usisimame kirahisi, na nodi zilizopiga kura kote kuwili zinaweza kuwa 32 tu, zote za wahaini. Kinga imekwisha, kwa kura moja iliyolegezwa! Ndiyo maana nodi 34 zikizimika, mtandao wa aina hii husimama. Hauna kura za kutosha kuthibitisha lolote, na haukisii. Wanasayansi wa kompyuta Lamport, Shostak na Pease walilieleza sharti hili la theluthi mwaka 1982 kwa mfano wa majemadari wenye wasaliti kati yao. Castro na Liskov wakaonyesha mwaka 1999 kwamba linaweza kutekelezwa kwa kasi inayofaa kazi halisi.

Bitcoin ilichagua njia nyingine. Haisimami, lakini pia haisemi kamwe kwamba muamala umekwisha kabisa. Uhakika huongezeka bloku baada ya bloku. Kwa hesabu za waraka wake wa 2008, mshambuliaji mwenye asilimia 10 ya nguvu za uchimbaji, akiwa nyuma kwa bloku sita, ana nafasi ya asilimia 0.02 hivi ya kufuta malipo. Mwenye asilimia 30, akiwa nyuma kwa bloku tano, ana karibu asilimia 18. Kwa mtandao mkubwa hilo linavumilika. Ethereum Classic, mtandao mwingine unaotegemea uchimbaji lakini wenye wachimbaji wachache, ilishambuliwa Januari 2019 na tena Agosti 2020, na maelfu ya bloku yakaandikwa upya. Muda wote huo mtandao ulikuwa "unafanya kazi", na waliodhani wamelipwa hawakuwa wamelipwa.

Pingamizi linaloniumiza kichwa ni jingine: theluthi moja yenye nia mbaya inaweza kuushika mtandao mateka kwa kunyamaza tu. Isitoshe, wathibitishaji (wenye nodi zinazopiga kura) wakiwa wachache, kusimama kunageuka uamuzi wa watu. Mtandao wa BNB Chain ulisimamishwa hivyo Oktoba 2022 baada ya wizi kwenye daraja lake, yaani mfumo wa kuhamisha pesa kati ya mitandao. Wanaoweza kusimamisha kwa nia njema wanaweza pia kwa nia mbaya.

Hata hivyo tiba si kulegeza theluthi. Katika mtandao wa Ethereum, uthibitisho wa mwisho (kura za theluthi mbili zinazoufunga muamala usibadilike tena) ukichelewa, dhamana, yaani pesa walizoweka wathibitishaji wasioshiriki, huanza kupunguzwa kidogo kidogo, mpaka wanaoshiriki washike theluthi mbili ya dhamana zilizosalia. Tarehe 11 na 12 Mei 2023 uthibitisho huo ulikatika, mara ya pili kwa zaidi ya saa moja. Bloku ziliendelea kuundwa, lakini hakuna aliyeambiwa kwamba muamala wake mpya umefungwa, hadi kura za theluthi mbili ziliporudi.