Kwenda kwa Watu na Bakuli Mkononi

Jana nilisahau vijiko. Mabakuli nilibeba, maji nilibeba, taulo, kofia, nguo za kubadili, hadi nepi za kuingilia majini za mdogo. Vijiko nikaviacha pembeni ya sinki. Nimekuja kukumbuka tuko watu wa nne kwenye foleni, saa sita kasoro dakika chache, sufuria imeshafunuliwa na harufu ya supu ya viazi imetufikia. Mkubwa wangu ana miaka sita na aibu ya watu kumi. Akanivuta gauni: "Mama, sasa tutakulaje?" Nikamwambia utakunywa kama uji. Akanikata jicho. Mdogo hakungoja ushauri wa mtu. Alipopakuliwa tu akakaa kwenye nyasi, akatumbukiza mkono, akaanza kuopoa kiazi kimoja kimoja kama anavua samaki.

Kwa asiyejua: hapa Helsinki, shule zikifungwa mwanzoni mwa Juni, mji unapika chakula cha mchana na kukigawa kwenye viwanja vya watoto, Jumatatu hadi Ijumaa. Mtoto yeyote aliye chini ya miaka 16 anakula bure. Hujazi fomu, huulizwi kitambulisho, huambiwi kalete barua ya serikali ya mtaa. Unachotakiwa ni kuja na chombo chako na kijiko. Mtu mzima hapakuliwi. Anakaa pembeni anameza mate.

Mwaka wa kwanza sikwenda. Niliona watu wanapita chini ya dirisha letu hapa Vuosaari na vibakuli mkononi, nikadhani kuna msiba. Nilipoelezwa ndiyo nikaona haya zaidi. Mimi nimelelewa Tandika, Dar es Salaam, ambako mtoto akikutwa kwa jirani wakati wa kula ana jina moja tu: mdoezi. Tulifundishwa ukikaribishwa sema "nimeshakula", na tumbo likinguruma ukohoe. Leo mimi, mke wa mtu, mume anaamka alfajiri kwenda kazini, nimpange mwanangu foleni ya supu mchana kweupe?

Nilipomhadithia mama kwenye simu akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwani baba Jamila kaachishwa kazi?" Hapana mama, hata mtoto wa daktari yuko kwenye foleni. "Basi huyo daktari naye ana matatizo yake."

Sasa jana, tukiwa tunahangaika, bibi mmoja aliyekuja na mjukuu wake akatoa kijiko kwenye mkoba, akakifuta kwa leso, akampa mkubwa wangu bila neno. Wafini maneno wanayaweka akiba. Tumekaa naye benchi moja robo saa nzima ndipo akasema na yeye alikula hapa mjini hivi hivi alipokuwa mdogo, na dada zake kabla yake. Chakula hiki kilianza 1942. Mwaka huo naomba msiupite haraka. Ufini ilikuwa vitani na Wasovieti, chakula kinatoka kwa kadi, wanaume wako mstari wa mbele. Hao hawakuwa matajiri wanaogawa makombo. Walikuwa na njaa, wakaamua wa kwanza kupakuliwa ni mtoto.

Najua mnaonisubiri. "Dada, umepanda ndege moja tu umeshatusahau." "Wenzetu wanalipa kodi." Kodi! Kuna mtu nyumbani hajawahi kukatwa tozo akituma elfu kumi kwa mama yake? Halafu kuna lile la "wale ni wachache". Hilo nimelipigia hesabu. Ufini nzima ina watu kama milioni 5.6. Sensa ya 2022 iliikuta Dar es Salaam peke yake na watu 5,383,728. Nchi yao nzima ingehamia Dar tungesogeana kidogo tu tukatoshana ... aa, nadanganya, foleni ya Mbagala tusingeiweza. Lakini mmenielewa.

Na supu siidai. Nikidai supu ya bure Tandika mtanicheka na mtakuwa na haki. Ninachouliza ni pale pa kukaa mtoto na bakuli lake. Uwanja wetu wa mtaani, ule tuliochezea rede na kombolela, wavulana wakapiga chandimu mpaka adhana ya Magharibi, nimeukuta una fremu kumi na moja. Nyuma ya fremu pamebaki kijipande, kimezungushiwa ukuta, na ukutani pameandikwa kwa rangi nyekundu USICHEZE MPIRA HAPA. Wacheze wapi, aliyeandika hakuandika. Na sisi ndio tunaoimba kwamba mtoto ni wa wote.

Hapa kiwanjani pana bwawa la maji ya magotini linalojazwa kiangazi, baiskeli za magurudumu matatu zinalala nje, ndoo na koleo za mchanga ni za atakayewahi. Mlangoni hakuna wa kiingilio. Nikimsukuma mdogo kwenye kigari chake, basi na metro silipi nauli, na kila nikipanda namkumbuka konda mmoja wa utotoni kwangu, mkono umeziba mlango, "wanafunzi wawili tu, wengine shukeni". Sijui kwa nini bado naona ninaiba.

Nimeringa? Haya, nimeringa kwa supu. Ngojeni na hili basi.

Wiki mbili zilizopita mkubwa alialikwa kucheza kwa rafiki yake. Alialikwa, maana huku mtoto hachomoki tu akaenda kwa mwenzake. Mama mwenzangu na mimi tuliandikiana ujumbe siku tano, tukakubaliana Alhamisi, saa tisa mpaka saa kumi na moja. Saa kumi wenye nyumba wakakaa mezani. Wangu akaambiwa asubiri chumbani na midoli. Akasubiri. Alivyorudi akaniuliza kama kuna kitu alikosea. Sikuwa na jibu, nikamkaangia mayai.

Nimekuja kuelezwa kwamba si roho mbaya. Wanaogopa kumlisha mtoto wa mtu bila ruhusa, pengine mama yake kampikia nyumbani. Sawa, nimeelewa, na bado nimekasirika. Tandika walituita wadoezi, ni kweli, lakini sikuwahi kuwekwa chumbani watu wakala. Mtaa mzima wa watu nisiowajua unamlisha mwanangu kila mchana, na mwanamke ambaye nina namba yake ya simu anashindwa kuongeza sahani moja. Nalifikiria hilo nikiosha yale mabakuli jioni, jua bado limewaka kama saa nane mchana, watoto wanagoma kulala kwa sababu "bado hakujawa usiku". Sijalimaliza.

Mwisho wa Julai tutaingia msitu wa Uutela kuchuma mustikka, vitunda vyeusi vinavyopaka meno wino. Sheria yao inamruhusu yeyote kuchuma matunda ya mwituni, hata msitu uwe wa mtu, mradi usiingie uani kwake. Juni ya utotoni mimi nilipelekwa Muheza kwa bibi, msimu wa machungwa, na kwa bibi kanuni ilikuwa hivi: kula chini ya mti mpaka ushibe, ila usitoke na kapu. Hawa wanatoka na ndoo. Bibi angewashangaa.

Desemba iliyopita tulikuwa nyumbani. Siku ya pili, mchana, masufuria yanagongana uani kwa jirani, mkubwa wangu akainuka, akaingia jikoni kwa bibi yake, akachukua bakuli na kijiko. Tukadhani anataka uji wa mdogo wake. Tulipomtafuta tukamkuta mlangoni kwa jirani, nyuma ya watoto wawili wa nyumba ile, bakuli amelishika kwa mikono miwili, anangoja zamu. Mama wa watu hakuuliza. Alimpakulia wali na maharage, akamwekea juu kipande cha samaki ambacho nina hakika kilikuwa cha mtu. Mama yangu hakusema na mimi mpaka Isha.