Abiria wa Meli Waonyeshwe Nairobi Yenyewe

Januari moja, miaka michache iliyopita, niliongoza wageni tisa walioteremka melini Kilindini, bandari ya Mombasa, wakaletwa Nairobi kwa ndege kwa ziara ya siku moja. Ratiba niliyokabidhiwa na kampuni iliyonikodi ilikuwa na vituo vitatu: mahali panapolelewa ndama wa ndovu walioachwa yatima, kituo cha twiga cha Lang'ata, na nyumba ya makumbusho ya mwandishi Karen Blixen. Kutoka uwanja wa ndege tulishika Southern Bypass, barabara inayopita ukingoni mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, na alasiri tukarudi kwa njia hiyo hiyo. Bibi mmoja aliyeketi nyuma yangu alinyoosha kidole kuelekea maghorofa yaliyoonekana kwa mbali ng'ambo ya nyika, akaniuliza kama huko ndiko Nairobi, na tungefika saa ngapi. Ilinibidi nimwambie kwamba hatutafika.

Jibu hilo limenikaa moyoni hadi leo. Mgeni aliyelipia ziara ya jiji alizungushwa pembezoni mwa jiji kutwa nzima, akarudishwa melini akiwa na picha nzuri za twiga na bila kukanyaga hata barabara moja ya katikati ya mji. Sina chuki na wanyama, kwani ndio wamenilipia karo ya watoto. Ninachosema ni kwamba abiria wa meli, kuliko mtalii mwingine yeyote, ana sababu ya kuletwa mjini, kwa maana mji huu ulizaliwa na bandari ile ile aliyoteremkia.

Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka wa 1896. Mataruma, mabehewa, injini na maelfu ya vibarua kutoka Bara Hindi vilipitia pwani kabla ya kupanda bara, na mwaka wa 1899 reli ilifika kwenye uwanda wenye majimaji ambao Wamaasai waliufahamu kwa maji yake baridi. Hapo pakawekwa karakana na ghala kabla ya mlima mkali wa kuelekea Bonde la Ufa, na kutokana na kambi hiyo tukapata mji. Kwa hiyo ziara yangu ingeanzia Makumbusho ya Reli, nyuma ya stesheni ya zamani, ambako bado lipo behewa ambamo simba alimnyakua Charles Ryall, afisa wa polisi wa reli, usiku mmoja wa mwaka wa 1900 pale Kima. Mgeni aliyeiona Kilindini asubuhi akalishika behewa hilo kwa mkono wake saa chache baadaye hahitaji maelezo marefu kuhusu jinsi nchi hii ilivyofunguliwa, wala kuhusu waliolipa gharama yake.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi kwa miguu hadi makutano ya Haile Selassie na Moi Avenue, mahali uliposimama ubalozi wa Marekani hadi asubuhi ya tarehe 7 Agosti 1998. Watu zaidi ya 200 walikufa Nairobi siku ile, wengi wao Wakenya waliokuwa kazini au wakipita njia tu, na majina yao yameandikwa ukutani katika bustani ya kumbukumbu. Nimewahi kuwapeleka wageni wachache pale kwa hiari yangu. Sijaona hata mmoja aliyeharakisha kutoka.

Ukiifuata Moi Avenue utafika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, jengo lililokuwa benki enzi za ukoloni, ambalo sasa linatunza mkusanyo wa sanaa wa Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa pili wa Kenya. Karibu yake imesimama sanamu ya Tom Mboya, waziri aliyeuawa kwa risasi katika barabara hiyo hiyo tarehe 5 Julai 1969 akitoka duka la dawa. Mbele kidogo kuna Msikiti wa Jamia, na jirani yake Maktaba ya McMillan iliyofunguliwa mwaka wa 1931, yenye simba wa mawe mlangoni, ambayo kwa miaka mingi haikumruhusu Mwafrika kuingia. Leo vijana wetu wanakaa humo wakidurusu kwa mitihani. Kama kuna mahali pa kumweleza mgeni uhuru ulimaanisha nini kwa mtu wa kawaida, ni pale kwenye ngazi zile.

Wenye kampuni hunijibu kwamba wageni wa meli wengi ni wazee, kwamba mjini kuna msongamano na vibaka, na kwamba meli haimngoji mtu. La mwisho ni kweli kwa sehemu: ziara iliyouzwa na meli yenyewe ikichelewa, meli kwa kawaida huingoja, lakini aliyejipangia safari yake anaweza kuachwa bandarini. Hata hivyo, saa nyingi za ratiba ya sasa zinapotelea ndani ya gari. Ndovu wale huonyeshwa kwa saa moja tu, kuanzia saa tano hadi saa sita mchana, na saa hiyo moja ndiyo inayoitawala siku nzima, kwa sababu ukichelewa kwenye foleni ya magari umekosa. Kuhusu usalama, wageni tisa wenye mwongozaji anayefahamiana na askari wa jiji, wauza magazeti na wang'arisha viatu hawako hatarini kuliko mimi. Kuhusu miguu ya wazee, gari linaweza kuwangoja mahali panapokubalika, na KICC, jumba refu la mikutano katikati ya mji, ina lifti za kuwafikisha juu, ambapo mji wote hulala chini yao na mbuga ikaonekana upande wa kusini.

Tatizo kubwa zaidi ni sisi waongozaji. Tulifundishwa majina ya ndege na nyayo za wanyama, na wengi wetu hatuwezi kuizungumzia Moi Avenue kwa dakika kumi. Hilo linarekebishika kwa kusoma, na kwa kukaa na wazee wa mji wanaokumbuka barabara hiyo ilipoitwa Government Road.

Msimu wa meli ukianza tena nimeomba nipewe kikundi kimoja tu cha kujaribu: Makumbusho ya Reli asubuhi, kisha Moi Avenue kwa miguu, chakula cha mchana cha ugali, sukuma wiki na nyama katika mkahawa wa kawaida, kisha KICC, na ifikapo saa tisa gari liwe limeshashika Barabara ya Mombasa kuelekea uwanja wa ndege. Atakayetaka twiga bado anaweza kuchagua ziara ile nyingine.