Kikosi cha pili kicheze na nani?

Kila dirisha la usajili linapofungwa, malalamiko ni yaleyale. Klabu zetu kubwa zimejaza nafasi 12 za wageni, na wachezaji wa Taifa Stars wanatafutwa kwenye mabenchi. Dawa inayotajwa mara nyingi ni ligi ya vikosi vya pili, au ligi ya akiba, yenye timu B ya kila klabu ya Ligi Kuu, mechi za nyumbani na ugenini, msimu mzima. Naiunga mkono dawa hiyo, ila kwa sharti ambalo wengi wanaoitetea hawalisemi: kijana acheze na watu wazima.

Msimu wa 2007/08 Pep Guardiola alikabidhiwa Barcelona B, ambayo ilikuwa imeshuka hadi Tercera, daraja la nne la Hispania kwa wakati huo. Hispania timu B hazina ligi yao peke yao. Zinaingia madaraja ya kawaida, zinapanda na kushuka kama wengine, ila haziwezi kucheza daraja moja na timu kubwa ya klabu hiyohiyo. Kwa hiyo Sergio Busquets na Pedro walikuwa wakicheza na timu za miji midogo ya Catalonia, dhidi ya wanaume ambao wengine walikuwa na ajira nyingine siku za kazi. Timu ikapanda daraja. Guardiola akapewa timu kubwa mwaka 2008, akapanda nao. Julai 2010 wote wawili walianza fainali ya Kombe la Dunia pale Johannesburg.

Sidai kwamba Tercera ndiyo iliyowafanya mabingwa wa dunia. La Masia, akademi ya Barcelona, ilishafanya kazi yake miaka mingi kabla. Lakini kuna mambo ambayo akademi haifundishi. Fikiria kona inapigwa. Beki wa miaka 19 anamkaba mshambuliaji wa miaka 32. Kabla mpira haujapigwa, yule mkubwa ameshamkanyaga vidole, ameshashika jezi upande ambao mwamuzi haoni, na ameshamwambia neno la kumtoa mchezoni. Mpira ukifika, kijana amechelewa nusu hatua. Wiki ijayo atakutana na mwingine wa aina hiyo, na timu isipopata pointi inaweza kushuka. Baada ya miezi michache anajua kusimama wapi, mkono auweke wapi, anyamaze lini. Kwa vijana wenzake asingelijifunza hilo, kwa sababu nao hawalijui.

Uingereza walichukua njia nyingine. Ligi yao ya akiba ya klabu za Premier League ilifutwa mwaka 2012, ikaja ligi ya umri: kwanza chini ya miaka 21, mwaka 2016 ikawa 23, mwaka 2022 ikarudi 21. Viwanja vizuri, makocha wenye vyeti, soka safi. Nafasi za waliozidi umri zipo, lakini chache. Na klabu zenyewe zinaonyesha kwa vitendo kwamba hiyo haitoshi, maana kijana zinayemwamini zinamtoa kwa mkopo. Harry Kane alipita Leyton Orient, Millwall, Norwich na Leicester kabla hajawa namba tisa wa Tottenham. Brentford walienda mbali zaidi. Mwaka 2016 walifunga akademi na kubaki na timu B iliyojitafutia mechi zake, ikikusanya vijana walioachwa na klabu nyingine. Akademi waliifungua tena mwaka 2022, ila timu B hawakuiacha.

Kwa nini basi tusiseme tu vijana waende mkopo, hadithi iishe? Hapa ndipo naona watetezi wa ligi ya akiba wana hoja nzito, tena kwetu kuliko Ulaya. Ukimtoa kijana kwa mkopo, umempoteza machoni. Kocha wa kule anatafuta pointi zake, hana deni kwako. Akitaka kumchezesha winga wako kama beki wa pembeni, atamchezesha. Akitaka kumweka benchi, atakaa benchi. Na klabu nyingi za Championship, daraja la pili hapa Tanzania, zinahangaika na nauli na mishahara, hivyo kijana anaweza kurudi kadhoofika mwili na moyo. Kwenye timu B yako anafanya mazoezi kwa mfumo wa timu kubwa, daktari ni yuleyule, na kocha mkuu akitaka kumwona anavuka tu uwanja. Isitoshe, mchezaji wa timu kubwa anayetoka majeruhi anahitaji dakika. Akizipata timu B, kijana anacheza dakika 60 pembeni ya mtu aliyewahi kucheza nusu fainali ya Afrika. Binafsi naona hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote, na ndiyo inayopotea ukishaigeuza ligi kuwa ya umri mtupu.

Upande wa pili una hoja zake, na si za kupuuza. Kwanza ni gharama. Ujerumani klabu ziliporuhusiwa mwaka 2014 kuacha vikosi vya pili, Bayer Leverkusen na Eintracht Frankfurt walivunja vyao mara moja. Frankfurt walikirudisha chao mwaka 2022. Pili, timu B zikiingizwa kwenye madaraja zinawaumiza wadogo. Bayern II walitwaa ubingwa wa daraja la tatu mwaka 2020 na hawakuruhusiwa kupanda, na nafasi waliyoishika ingeweza kuwa ya klabu ya mji fulani yenye mashabiki wake. Uingereza timu za vijana zilipoingizwa kwenye kombe la klabu za madaraja ya chini msimu wa 2016/17, mashabiki wengi waligoma kwenda uwanjani. Naelewa hasira yao, na ndiyo maana sishauri Simba B au Yanga B ziingie Championship. Timu za mikoani zina shida za kutosha.

Halafu kuna jina ambalo lazima litajwe: Mbwana Samatta. Alitoka Mbagala, akacheza African Lyon, Simba, kisha TP Mazembe, na Januari 2016 akaenda Genk ya Ubelgiji akiwa bingwa wa Afrika. Wasiotaka timu B wanamtaja yeye, kwamba hakuhitaji. Ni kweli. Lakini angalieni alichokipata: tangu akiwa kijana alicheza mechi za ushindani dhidi ya watu wazima, na kocha alimwamini. Ligi ya akiba ingekuwepo kwa ajili ya wale ambao mlango huo haukuwafungukia.

Na timu B peke yake haifungui mlango. Farid Mussa alitoka Azam kwenda Tenerife ya Hispania mwaka 2016, akacheza kwenye timu B yao, na mwaka 2020 alikuwa amerudi nyumbani kusajiliwa na Yanga. Kama kocha wa timu kubwa hachukui wachezaji huko, timu B inakuwa maegesho. Kwetu hatari hiyo ni kubwa zaidi, kwa kuwa kocha anayetoka sare mbili mfululizo anaanza kusikia kelele za kufukuzwa. Hawezi kumjaribu mtoto.

Tuna ligi ya vijana chini ya miaka 20. Ni jambo jema na iendelee. Shimo lipo baada ya hapo, pale kijana anapofikisha miaka 21, haruhusiwi tena kucheza na wenzake, na mbele yake kwenye timu kubwa kuna kiungo kutoka nje aliyesajiliwa kwa mamilioni. Ningependa ligi ya akiba ikae hapohapo kwenye shimo. Umri mwisho miaka 23, nafasi tano kati ya 11 wanaoanza mechi ziachwe kwa watu wazima, na ratiba ifuate ya timu kubwa: Simba wakienda mkoani, timu B za klabu zote mbili zicheze siku moja kabla, uwanja uleule. Vikosi viwili vikisafiri pamoja, gharama inapungua, na kocha mkuu ataitazama mechi kwa kuwa tayari yuko pale. Afrika Kusini klabu za ligi kuu zina ligi yao ya akiba tangu 2014, na imeendeshwa kwa udhamini wa kampuni ya televisheni. Sisi Azam Media ina mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu tangu 2021. Bodi ya Ligi na shirikisho la soka, TFF, waanzie mazungumzo hapo, na waanze na klabu nne zilizo tayari badala ya kusubiri zote 16.