Sevleti kwanza, Spring baadaye

Kuna hoja inayopata nguvu miongoni mwa vijana wa kompyuta hapa Kigoma: kozi ya chuo ya kutengeneza tovuti kwa Java upande wa seva iachane na sevleti (programu ndogo za Java zinazopokea ombi la mteja kwenye seva na kulijibu) na JSP (kurasa za tovuti zinazoandaliwa na seva kwa Java), wanafunzi waanze moja kwa moja na Spring Boot, mfumo wa Java wenye vipande vingi vilivyokwisha tayarishwa, kwa kuwa ndiyo inayotajwa kwenye matangazo ya kazi. Naelewa wanakotoka. Ajira ni ngumu, na hakuna anayetaka kupoteza muhula kwa kitu kilichopitwa. Hata hivyo naipinga hoja hiyo kwa moyo wote.

Sevleti ni za mwaka 1997, JSP zikafuata 1999. Ni za zamani kweli. Lakini Spring MVC, sehemu ya Spring inayoshughulikia tovuti, imejengwa juu ya sevleti mpaka leo. Kila ombi hupokewa kwanza na sevleti iitwayo DispatcherServlet, ndipo ligawiwe linakotakiwa kwenda. Anayeruka somo hilo ataitumia sevleti kila siku bila kujua kwamba ipo.

Chukua tovuti ndogo ya kuandikisha magunia ya dagaa pale mwaloni Kibirizi. Mfanyabiashara anajaza jina na idadi ya magunia, seva inamrudishia risiti. Mwanafunzi anaandika sevleti yake, na jina la mteja analihifadhi kwenye kigeu (nafasi ya kuhifadhia thamani) kilichotangazwa nje ya doPost, metodi, yaani kipande cha msimbo, inayopokea fomu iliyotumwa. Akijaribu peke yake, safi. Mwalimu akiangalia, safi, alama zinatolewa. Wafanyabiashara wawili wakija kubonyeza kwa wakati mmoja, risiti ya mmoja inatoka na jina la mwenzake. Pale mwaloni hilo ni gomvi la pesa.

Sababu ni kwamba Tomcat, programu ya seva inayoendesha sevleti, haiundi sevleti mpya kwa kila mteja. Kwa kawaida huunda moja tu, kisha kila ombi hupewa uzi wake (mkondo wa kazi unaokwenda sambamba na mingine), na nyuzi zote hupita ndani ya sevleti hiyo hiyo. Unachokiweka nje ya metodi ni cha wote. Kosa hili linakungoja vilevile kwenye Spring, maana kontrola zake, yaani vipande vinavyojibu maombi, nazo, usipoagiza vinginevyo, huwa moja moja kwa programu nzima. Tofauti ni kwamba kule limefunikwa na mambo mengi, na asiyejua kinachoendelea chini atahangaika usiku kucha akitafuta kosa kwenye hifadhidata.

Sasa tazama linavyofundishwa. Mtihani unauliza: eleza mzunguko wa maisha ya sevleti. Mwanafunzi anaandika init (kuanzishwa mara moja), service (kuhudumia kila ombi), destroy (kufungwa), anapata alama zake, anatoka bila kuelewa kwamba ndani ya jibu hilo ndimo lilimo kosa la risiti. Hapo ndipo ninapoumia. Mwalimu angeweza kuwasha Tomcat kwenye kompyuta yake, akachelewesha doPost sekunde chache kwa Thread.sleep, amri ya kusubiri, darasa zima likaunganisha simu kwenye waifai yake na kutuma fomu kwa pamoja kupitia mlango (port) wa 8080 wa Tomcat. Majina yangechanganyika mbele ya macho yao. Hata bando haihitajiki.

Na suala la bando si dogo kwa mwanafunzi anayejilipia. JDK (zana za kuandikia Java) na Tomcat ukishavipata kwenye flashi, unaweza kuandika na kujaribu sevleti nyumbani bila intaneti. Mradi wa Spring Boot, mara ya kwanza, utaifanya Maven, zana ya kujengea miradi, ivute maktaba moja baada ya nyingine kutoka intaneti.

Wanaolalamikia kozi wana haki katika jambo moja: notsi zimechakaa. Java EE, mkusanyiko wa viwango vya Java ya seva zikiwemo sevleti, ilipohamia Eclipse Foundation ilibadilishwa jina ikawa Jakarta EE, na tangu toleo la 9, mwaka 2020, kifurushi cha sevleti kilichoitwa javax.servlet kimekuwa jakarta.servlet. Mwanafunzi mwenye notsi za zamani anapakua Tomcat 10, msimbo unakataa, anadhani hana akili ya Java. Ukurasa mmoja wa maelezo ungemwokoa. Na ile tabia ya kuchomeka msimbo wa Java katikati ya kurasa za JSP iondolewe kabisa. Sina la kuitetea.

Mradi wa mwisho nao usiwe tena duka la vitabu la kubuni. Uwe wa magunia, mawese, au nauli za boti, na usipewe alama mpaka msahihishaji ajaze fomu kwa jina kama Ng'wandu. Aliyeunganisha maneno ya mteja moja kwa moja kwenye sentensi ya SQL, lugha ya kuagizia hifadhidata, ataona ile alama ya ng' ikiivunja, maana husomwa kama mwisho wa jina, na kwa mlango huo huo mtu mwenye nia mbaya angeingia kwenye hifadhidata yake. Aliyetumia PreparedStatement, amri ya SQL inayopokea maneno ya mteja kando kama vigezo, jina litahifadhiwa kama lilivyo.