Alama Zako Zieleze, Usizigeuze

Mwezi uliopita alinijia mwanafunzi wangu wa zamani, binti aliyemaliza shahada ya kwanza ya sayansi ya udongo, akiwa na karatasi alizotoka kuzichapisha steshenari, zikiwa bado na joto la mashine. Moja ilikuwa wasifu wake, na nyingine ilikuwa nakala ya fomu ya maombi ya shahada ya uzamili katika chuo kimoja cha Marekani. Kwenye nafasi ya GPA, yaani wastani wa alama, alikuwa ameandika 3.04. Nilimfundisha binti huyu kwa miaka mitatu na nilijua kwamba alihitimu na GPA ya 3.8, yaani daraja la pili la juu. Nilipomuuliza hiyo 3.04 imetoka wapi, alinijibu kwa utulivu kabisa: "Mwalimu, nimeibadilisha. Kule wanahesabu kwa nne, sisi tunahesabu kwa tano, kwa hiyo nimezidisha kwa nne nikagawanya kwa tano."

Hesabu yenyewe ilikuwa sahihi. Kilichonisikitisha ni kwamba hakuna aliyemtaka aifanye. Tulipoirudia fomu pamoja, tulikuta chini ya nafasi ile maelezo mafupi yanayomtaka mwombaji aandike wastani wake kama ulivyo kwenye transkripti, yaani hati ya matokeo ya chuo, na pembeni pana kisanduku cha pili cha kuandika kipimo kinachotumika chuoni kwake. Vyuo vingi vya Marekani vinatoa agizo la namna hiyo kwa waombaji kutoka nje. Binti alipaswa kuandika 3.8 kwenye kisanduku cha kwanza na 5.0 kwenye cha pili, akaendelea na safari yake. Badala yake alijipunguzia alama kwa mkono wake mwenyewe, na laiti angeituma fomu ile, namba iliyomo ingepingana na transkripti aliyoiambatisha, na msomaji wa kule angebaki kujiuliza ipi ni ya kweli.

Ninaandika makala hii kwa sababu binti huyu si wa kwanza, na kwa sababu naamini vijana wetu wengi wanapoteza nafasi kwa kugeuza alama zao pale walipotakiwa kuzieleza.

Tuitazame kwanza ile njia ya kuzidisha kwa nne na kugawanya kwa tano, maana ndiyo inayosambaa kwenye makundi ya WhatsApp na kwenye vikokotoo vya mtandaoni. Nchini Tanzania mtu huhitimu shahada akiwa na GPA isiyopungua 2.0 katika kipimo cha 5.0. Katika vyuo vya Marekani, ambako kipimo ni 4.0, kiwango cha kawaida cha kuhitimu nacho ni 2.0. Sasa mchukue mhitimu wetu wa 2.0 umpitishe kwenye kikokotoo hicho: atatoka na 1.6, yaani mtu asiyestahili kuhitimu. Njia inayomvua mhitimu shahada aliyokwisha kuvishwa joho kwa ajili yake haiwezi kuwa njia ya haki. Inachukulia kwamba vipimo viwili vinatofautiana kileleni tu, wakati maana ya alama inategemea pia pale mstari wa kufaulu ulipochorwa.

Wajerumani wameliona jambo hili. Vyuo vyao vingi hutumia kanuni inayojulikana kama fomula ya Bavaria iliyorekebishwa, na uzuri wake ni kwamba inauliza mambo matatu: alama ya juu kabisa katika mfumo wenu, alama ya chini ya kufaulu, na alama uliyopata wewe. Unatoa alama yako kwenye ile ya juu kabisa, unagawanya kwa tofauti iliyopo kati ya ya juu kabisa na ya chini ya kufaulu, unazidisha kwa 3, kisha unajumlisha 1. Nilimwandikia binti nyuma ya karatasi yake: 5 kutoa 3.8 ni 1.2, 5 kutoa 2 ni 3, 1.2 gawanya kwa 3 ni 0.4, mara 3 ni 1.2, jumlisha 1, unapata 2.2. Ukiitazama vizuri, utaona kwamba kwa mhitimu wa Tanzania, chuo kinapoichukua 2.0 kuwa alama ya chini ya kufaulu, kanuni yote inajifupisha kuwa 6 kutoa GPA yako.

Ni lazima pia kukumbuka kwamba Ujerumani inahesabu kwa kushuka: 1.0 ndiyo bora kabisa na 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu. Kuanzia 1.6 hadi 2.5 wanaita nzuri, na programu nyingi za uzamili huweka sharti la 2.5 au bora zaidi. Daraja letu la pili la juu linaanzia 3.5 na kuishia 4.3, na ukiyapitisha hayo kwenye kanuni unapata kuanzia 2.5 hadi 1.7. Daraja la kwanza linapoanza, kwenye 4.4, unapata 1.6. Kwa hiyo mhitimu wa 3.5, ambaye kikokotoo cha kuzidisha na kugawanya kinampa 2.8 kwa Marekani na kumwacha chini ya 3.0 inayodaiwa na vyuo vingi, Ujerumani anahesabiwa kuwa na alama nzuri zinazokidhi sharti. Mwanafunzi ni mmoja, na masomo aliyofaulu ni yaleyale. Nani basi atakubali kuukabidhi mustakabali wake kwa kikokotoo kisichojua hata alama ya kufaulu ya chuo chake?

Mfumo wetu una ukali wake pia, ambao mgeni hawezi kuujua asipoambiwa. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam A huanzia alama 70, B+ ni 60 hadi 69, na B ni 50 hadi 59. A ina pointi 5, B+ ina 4, B ina 3. Wastani wa jumla hukatwa kwenye desimali moja bila kupandishwa, hivyo aliyepata 3.49 anaandikiwa 3.4 na kushuka daraja. Kwa Mmarekani aliyezoea kwamba A huanzia 90, mtu mwenye 68 ni mwanafunzi wa D. Mhitimu wa Nairobi mwenye wastani wa 68 ana daraja la pili la juu na familia yake ilimpokea kwa vigelegele, lakini namba hiyo ikisafiri peke yake bila maelezo inafika ikiwa imevaa nguo za mtu mwingine. Wala tusidhani kwamba sisi majirani tunafanana: alama 72 ni A yenye pointi 5 Dar es Salaam, na ni B yenye pointi 4 Makerere, ambako A huanzia 80, ingawa wote tunasema tunahesabu kwa tano.

Ufafanuzi huu wote mara nyingi umekwisha kuchapishwa. Uko nyuma ya transkripti. Nilipomwomba binti anionyeshe faili alilokusudia kulipakia, niliona kurasa mbili za mbele zilizopigwa skani vizuri, mhuri ukisomeka, sahihi ikionekana. Nyuma ya ukurasa wa mwisho, ambako kuna jedwali la herufi, alama na pointi pamoja na mipaka ya madaraja, hakukuwa kumepigwa skani. Kijana wa steshenari alipiga upande wenye matokeo, kwa sababu huo ndio anaoombwa kila siku na watu wanaotafuta kazi. Jedwali lile dogo lililochapwa kwa wino hafifu wa kijivu lina uzito kuliko barua yoyote ya kujieleza, maana linasemwa na chuo chenyewe. Transkripti ipigwe skani pande zote mbili, hata kama upande wa pili unaonekana mtupu.

Jambo hili lina hatari ya upande wa pili pia. Mwanafunzi aliyepata B+ katika kila somo ana GPA ya 4.0. Akiandika 4.0 kwenye wasifu wake na kunyamaza, msomaji wa Marekani ataona alama kamili isiyo na doa, na siku atakapofungua transkripti na kukuta B+ zimepangana, atahisi amedanganywa. Andika 4.0 kati ya 5.0, kila mahali, kila mara. Waliosoma sekondari katika kipindi cha mabadiliko wawe waangalifu zaidi: matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2014 yalitolewa kwa GPA, na mwaka 2016 madaraja ya zamani yakarejeshwa, hivyo mtu mmoja anaweza kuwa na vyeti viwili vya Baraza la Mitihani vyenye mifumo miwili. Na katika madaraja hayo pointi chache ndizo bora, kwa hiyo "Daraja la Kwanza, pointi 7" inahitaji maneno matano ya kueleza kwamba 7 ndiyo ya juu kabisa.

Zipo taasisi ambazo kazi yake ni kutathmini vyeti. WES ya New York, iliyoanzishwa mwaka 1974, hupitia somo moja baada ya jingine na kutoa wastani wa kipimo cha 4.0, nayo uni-assist ya Ujerumani hukagua nyaraka kwa niaba ya vyuo vingi vya huko, kwa euro 75 kwa ombi la kwanza na 30 kwa kila ombi linalofuata katika muhula huohuo. Ushauri wangu ni kwamba usilipe chochote kabla ya kusoma sharti la chuo unachokiomba, kwa kuwa vyuo vingi huifanya tathmini hiyo vyenyewe bila malipo ya ziada.

Nigeukie sasa karatasi ya pili, wasifu, ambao ulinihuzunisha kuliko fomu. Ulianza na tarehe ya kuzaliwa, hali ya ndoa, dini na namba ya kitambulisho, ukafuata na shule ya msingi, na ukamalizia na mambo anayoyapenda, yaani kusoma na kusikiliza muziki. Huu ndio wasifu tunaofundishana kwa ajili ya kuomba kazi, na sina ugomvi nao mahali pake. Lakini profesa anayetafuta mwanafunzi wa utafiti hana la kufanya na ndoa ya mtu. Anataka kujua umesoma nini, umechunguza nini, kwa vifaa gani, na ulichokipata umekiandika wapi.

Katikati ya wasifu ule, kwenye mstari mmoja mfupi, palikuwa na maneno haya: "Mafunzo kwa vitendo, Morogoro, wiki nane." Nilimuuliza hizo wiki nane alikuwa anafanya nini. Akaanza kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo nilivyozidi kushangaa kwa nini hakuyaandika. Alichimba mashimo ya sampuli kwenye mashamba ya wakulima, akachukua udongo kwa kina cha sentimita 20 na 40, akakausha sampuli, akapima uchachu wake na kiasi cha fosforasi maabara, kisha akachambua takwimu kwa programu ya R aliyojifunza mwenyewe kwa kuwa darasani walifundishwa SPSS pekee. Matokeo yale ndiyo yaliyozaa tasnifu yake ya mwaka wa tatu, ambayo nayo haikutajwa popote, si jina lake wala msimamizi wake. Utafiti mzima ulifichwa nyuma ya maneno mafunzo kwa vitendo.

Tuliketi saa mbili tukauandika upya. Elimu ikawa juu, ya karibuni ikitangulia, na chini ya shahada yake GPA pamoja na kipimo, daraja, na jina la tasnifu. Utafiti ukapata sehemu yake, ukiwa na maelezo ya alichokipima na namna alivyokipima. Ripoti ambayo msimamizi wake alikuwa amesema wataigeuza kuwa makala ya jarida tuliiandika kuwa iko katika maandalizi, kwa sababu kuiita chapisho kungekuwa uongo, na ulimwengu wa kitaaluma ni mdogo. Dini, ndoa na muziki viliondoka. Anakusudia pia kuomba ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili masomo, ambao katika programu zake za uzamili zinazohusu maendeleo hutaka wasifu wa muundo wa Europass, yaani ule wa Ulaya, uliotiwa sahihi, kwa hiyo atahitaji toleo la pili. Habari zitakuwa zilezile, zikipangwa kwa utaratibu wanaoutaka wao.

Lililobaki linatuhusu sisi walimu, na hapa nasema kwa uchungu, kwa kuwa nimesoma barua nyingi za wadhamini, yaani walimu wanaomwombea mwanafunzi nafasi, ambazo zote zinasema mwanafunzi ni mtiifu, mchapakazi na mwenye nidhamu. Barua ya namna hiyo haimwambii msomaji wa mbali lolote kuhusu thamani ya 3.8. Kuna kipimo kimoja ambacho hakihitaji kugeuzwa popote duniani, nacho ni nafasi ya mwanafunzi kati ya wenzake, na sisi ndio tuliokaa nayo kwenye madaftari yetu. Vyuo vyetu vingeweza kuichapisha kwenye transkripti bila gharama yoyote, na ningependa kuona wasajili wetu wakifanya hivyo kuanzia mahafali yajayo. Kabla hawajafanya, mwalimu anaweza kuiandika mwenyewe.

Jioni ile, baada ya binti kuondoka, nilifungua orodha ya matokeo ya mwaka wake na kuhesabu kwa kidole kuanzia juu. Alikuwa wa sita kati ya wanafunzi 71. Hiyo ndiyo sentensi niliyoanza nayo barua yake.