Kumpima mzee asiyelalamika

Kila inapofika Siku ya Wazee Duniani, tarehe 1 Oktoba, mahema ya upimaji wa bure hupigwa viwanjani, na wazee hupanga foleni kupimwa presha na sukari. Hapo ndipo baadhi ya wataalamu huuliza swali lao la siku zote: kuna faida gani kumtafutia ugonjwa mtu wa miaka 70 ambaye hana analolalamikia, ilhali hata wanaolalamika hufika dirisha la dawa wakaambiwa wakanunue nje?

Swali hilo lina ushahidi nyuma yake. Mapitio ya mwaka 2019 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaochambua ushahidi wa tiba, yaliyokusanya majaribio 17 yenye washiriki zaidi ya 250,000, yalionyesha kwamba kuwaita watu kwenye uchunguzi wa jumla wa afya hakupunguzi vifo. Tena kupima kunaweza kuumiza. Jopo la Marekani linaloshauri juu ya huduma za kinga lilipendekeza mwaka 2018 kwamba wanaume wa miaka 70 na kuendelea wasichunguzwe saratani ya tezi dume kwa kipimo cha damu, kwa kuwa mzee anaweza kuingizwa katika kukatwa vinyama vya kupimwa, upasuaji na kushindwa kuzuia mkojo kwa ajili ya uvimbe ambao usingewahi kumsumbua maishani. Kwa wale wanaowanunulia wazazi wao vifurushi vya vipimo kwenye hospitali za mijini, nadhani hoja hii inawahusu moja kwa moja.

Hata hivyo, wanaoyanukuu mapitio hayo husahau jambo moja: majaribio yaliyowalenga wazee hayakuingizwa humo, na hilo lilifanywa kwa makusudi. Kuyatumia kuamua hatima ya bibi wa miaka 75 ni kuyabebesha mzigo ambao waandishi wake hawakuutwika.

Tuangalie wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, ambako wazee wamefanyiwa utafiti kwa miaka mingi. Miongoni mwa wakazi wa vijijini wenye umri wa miaka 70 na zaidi, takriban 7 kati ya 10 walikutwa na presha ya juu, na wengi wao hawakuwa na habari nayo. Takwimu hiyo hainitoki akilini. Hata tukiwaondoa wale ambao presha yao ingeshuka kama wangepimwa tena siku nyingine, wakiwa wamepumzika, bado inabaki sehemu kubwa ya wazee wa kijiji wanaotembea na hatari ya kiharusi pasipo maumivu yoyote ya kuwapeleka zahanati. Presha haiumi, na asiyeumwa halalamiki. Kusubiri malalamiko hapa ni kusubiri kiharusi chenyewe. Wala haifai kusema kwamba umri umekwisha kwenda na dawa haina kazi tena. Jaribio la HYVET, lililochapishwa mwaka 2008 na kuhusisha watu 3,845 wenye miaka 80 na kuendelea, lilionyesha kwamba waliotibiwa presha walipungukiwa na vifo kwa asilimia 21, na dawa yenyewe ya kuanzia ilikuwa kidonge cha kupunguza maji mwilini.

Isitoshe, tathmini ya mzee si lazima ianzie maabara. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unamtaka mhudumu aangalie uwezo wa mtu kabla ya kutafuta jina la ugonjwa: kumbukumbu, mwendo, lishe, macho, masikio na hali ya hisia, kama huzuni. Mzee hutajiwa maneno matatu, kwa mfano ua, mlango, mchele, kisha baadaye huombwa ayarudie. Hukunja mikono kifuani na kuinuka kitini mara 5 bila kushika kitu. Akizidisha sekunde 14, mwendo wake unahitaji kuangaliwa zaidi. Huulizwa kama amepungua zaidi ya kilo 3 ndani ya miezi 3 bila kukusudia. Vifaa ni kiti na saa, na muuguzi wa zahanati anayaweza yote hayo. (Mzee anayeitwa mkaidi nyumbani huenda ana nta masikioni tu.)

Pingamizi zito ni juu ya kinachofuata baada ya kupima. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi matibabu bure kwa wasiojiweza, lakini msamaha wa malipo hauzalishi dawa kwenye rafu, na mzee aliyeambiwa presha yake ni 180 kisha akaachwa ameongezewa hofu bila tiba. Kwa sababu hiyo nawaunga mkono wanaoyatilia shaka mahema. Kipimo cha mara moja kwa mwaka, juani, na mtu asiyemjua mgonjwa, hakimfuatilii yeyote. Ila dawa ya maradhi ya mahema si kuacha kupima. Ni kuhamishia kazi mahali penye daftari la wagonjwa. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024 unalenga kuwa na zaidi ya wahudumu 137,000 ndani ya miaka mitano, na hao tayari watakuwa wakiingia majumbani. Kuwapa mashine ya presha, na kuihakikishia zahanati vidonge vya miezi mitatu kabla ya kumpima mzee wa kwanza, kungejibu sehemu kubwa ya pingamizi hilo.