Ampu ya valvu ikivuma, valvu ndiyo ya mwisho kulaumiwa

Tabora, mji wa bendi za Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, ampu kuukuu ya gitaa ikianza kuvuma ushauri huwa ni uleule: agiza valvu, vile vichupa vya kioo vinavyokuza sauti, Dar. Naupinga. Valvu ni ghali, na mara nyingi kosa si lake.

Kwanza chomoa gitaa, shusha sauti hadi sifuri. Mvumo ukikata, tafuta kwenye gitaa, waya wake au hatua ya kwanza ya ampu. Ukibaki, piga uzi wa sita, freti ya tatu. Sauti hiyo ni mizunguko 98 kwa sekunde. Umeme wetu ni mizunguko 50, na rektifaya, sehemu inayougeuza uende upande mmoja, huufanya 100. Kwa hiyo mvumo ulio karibu na sauti hiyo ni umeme ambao haukuchujwa sawasawa. Ukiwa oktava moja chini, yaani mizunguko 50, shuku nyaya za hita (zinazopasha valvu moto), ethi (waya wa ardhini), au kapasita (kitunza chaji) ya bayasi, ile volti inayodhibiti mkondo wa valvu, kwani bayasi mara nyingi hulishwa na diodi moja tu, isiyoufikisha umeme 100.

Kwa ule wa 100, mshtakiwa wangu ni kapasita za kuchuja. Hukauka ndani hata ampu ikikaa stoo bila kuwashwa. Zinaweza kubaki na volti zaidi ya 400 ampu ikiwa imezimwa, basi chomoa plagi, zimalize chaji kwa rezista ya kilo-omu 10, wati 5, kisha pima: usiguse kitu kabla mita haijashuka chini ya volti 10. Badilisha zote kwa pamoja. Volti zilizoandikwa juu yake zisipungue zile za zamani; mikrofaradi, yaani ukubwa wa kapasita, usizidishe ovyo, maana rektifaya ya valvu ina kikomo (ile iitwayo GZ34 ni mikrofaradi 60 kwa kapasita ya kwanza).

Mvumo ukiendelea, hapo ndipo upime valvu mbili za mwisho, zinazoendesha spika. Zisipovuta mkondo sawa, mvumo ambao zingeufuta hupita hadi kwenye spika.

Kuna wanaokata waya wa ethi ili kimya kipatikane. Huo ni uuaji: nyuzi za gitaa ni chuma, na mwimbaji ana maikrofoni mdomoni.

Ule wa 50 mara nyingi dawa yake ni rahisi. Kama transfoma haina waya wa katikati wa hita, funga rezista mbili za omu 100, nusu wati, moja kila upande wa hita hadi kwenye chasisi, yaani fremu ya chuma ya ampu.